Kitambaa cha Ijumaa

Mama yangu hajawahi kuanika kitu kichafu nje. Hata tambara la kupigia deki hulichemsha kwanza, akalikamua, akalinyoosha kwa viganja kama shati la bwana harusi. Alifua nguo za watu kwa miaka thelathini, mpaka ngozi ya vidole vyake ikabaki imekunjamana moja kwa moja, hata siku ambazo hakugusa maji. Kwa hiyo mtaa wetu ulipotakiwa kuchagua mtu wa kutunza kitambaa cha hewa, hakukuwa na ubishi.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha pamba nyeupe, kikubwa kama foronya, kilichofungwa kwenye nguzo ya bomba mbele ya mlango wetu. Kila Ijumaa saa nne asubuhi Karani wa Hewa alikuja na kadi yake yenye rangi sita, kuanzia namba moja, ambayo ni nyeupe, hadi namba sita, nyeusi kama kitako cha sufuria. Alikilinganisha kitambaa na kadi, akaandika namba, akakitia kwenye bahasha, akafunga kingine kipya, akaenda zake. Namba ile ndiyo iliyokuwa hewa yetu. Huko Juu, kwenye maofisi, hakuna aliyetujua kwa sura.

Vumbi lilitoka kwenye karakana ninamofanya kazi. Nyumba za Juu zina mashine za kuchuja hewa, na vichujio vyake vikishiba uchafu huletwa kwetu kwa malori, kila kimoja kipana kama godoro. Tunavitundika kwenye vyuma, tunavikung'uta kwa fimbo za mpira, kisha tunaviloweka, tunavisuuza na kuvikausha, vinarudi Juu vikiwa kama vipya. Uchafu wao unabaki kwetu. Mwenzangu wa fimbo, Mama Pacha, husema sisi ndio mapafu ya matajiri, ila hatujawahi kualikwa kifuani.

Nina binti mmoja. Tunamwita Chiriku kwa sababu ya maneno yake. Alianza kuongea kabla hajajua kutembea, na hajanyamaza tangu hapo isipokuwa kifua kinapombana. Kikimbana hupiga filimbi nyembamba, na yeye hukaa wima, macho yamemtoka, akinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayeishikilia ile pumzi na nikiamua nitampa. Baba yake alikwenda na kifua hichohicho, Chiriku akiwa bado wa kubebwa mgongoni.

"Dawa ninazo za kumtuliza," mganga wa zahanati aliniambia. "Za kumponya ziko Juu, na si za kumeza. Ni hewa."

Kulikuwa na Nyumba ya Watoto huko Juu. Mtoto wa chini akiingia kabla hajatimiza miaka mitano, hukaa mpaka kifua kipone. Nilichukua fomu, nikaipeleka darasa la jioni ninakojifunza kusoma, nikaisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Sharti lilikuwa moja tu: mtaa wa mtoto upate namba nne au zaidi kwa Ijumaa tatu mfululizo.

Mwalimu wa jioni alinitafutia daftari la mtaa wetu, la miaka sita. Mbili, mbili, moja, mbili, mbili, moja.

"Hewa yenu ni nzuri," alisema, akakohoa.

Niliondoka na maswali kichwani. Nyumbani tukipangusa meza asubuhi, mchana unaweza kuchora juu yake kwa kidole. Kamasi za Chiriku ni nyeusi. Sasa hiyo moja ilitoka wapi?

Jibu nililipata Alhamisi iliyofuata. Malori yalichelewa, tukaruhusiwa mapema, nikafika nyumbani jua likiwa bado juu. Nguzo ya bomba ilikuwa tupu. Mama alikuwa ameinama kwenye beseni mlangoni, povu limemfika kwenye viwiko, na Chiriku ameketi kwenye kigoda pembeni akimhesabia mara anazosugua.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafua. Kwani kesho si mgeni anakuja?"

Aliinua kitambaa akakikagua dhidi ya mwanga. Maji ya kwenye beseni yalikuwa kama wino.

"Umeanza lini?"

"Tangu waliponipa kazi. Ulitaka mtu mzima na tai yake aje akute tambara jeusi linaning'inia mlangoni kwangu? Waende wakasimulie kwamba watu wa chini hatujui sabuni?" Alicheka kidogo. "Kila Alhamisi nakifua, nakinyoosha, usiku kinakauka. Kuna wakati alinisifia, yule karani. Alisema, mama, mtaa wako nadhifu."

Nilipindua ndoo nikaikalia. Nikamweleza polepole, kwa maneno mepesi: ile kadi, zile namba, ile fomu. Mwanzoni aliendelea kusuuza. Halafu mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Kwa hiyo zile mbili mbili ni mimi," alisema.

"Ni sabuni, Mama."

"Sabuni haina mikono."

Chiriku akauliza kama aendelee kuhesabu.

Zilikuwa zimebaki Ijumaa nne kabla hajatimiza miaka mitano, na ya kesho yake ilishafuliwa. Zikabaki tatu. Tatu zilizokuwa zinatakiwa, wala si pungufu.

Ijumaa ya kwanza kitambaa kilikuwa namba tano. Mama hakutoka nje. Alisimama nyuma ya pazia, amejiziba mdomo kwa mkono, kama mtu aliyeachwa uchi barabarani. Karani alilinganisha kadi mara mbili, akatazama mlango wetu, akaandika.

"Marahaba yake leo sijaipata," aliniambia. "Mama mzima?"

"Mzima. Ana haya kidogo."

Ijumaa ya pili, tano tena. Usiku ule nilianza kumwandaa Chiriku. Nilimwambia kuna nyumba kubwa yenye madirisha yasiyofunguliwa, na ndani yake hewa imeoshwa.

"Imeoshwa na Bibi?"

"Imeoshwa na mashine."

"Bibi atakuja?"

"Atakuja kukuona kupitia kioo cha dirisha."

Alifikiri. "Basi aje na kigoda chake. Atachoka kusimama."

Jumamosi tukafika karakana tukakuta geti limefungwa. Msimamizi alisema Juu wanabadilisha mitambo na vichujio havitakuja mpaka Jumatatu ya wiki ya pili. Mama Pacha alipiga vigelegele, likizo hiyo, akaenda kulala. Mimi nilibaki nimeshika geti. Nilikuwa nimeshajua hesabu yake.

Sitaisahau wiki ile. Siku ya tatu vumbi lilitua. Siku ya nne tuliona kilima, kumbe kina miti. Chiriku alilala usiku kucha bila filimbi, na asubuhi akatuamsha kwa maneno. Alikimbia mpaka bombani na kurudi, akakimbia tena, akasimama mbele yangu akihema kama mtoto yeyote anavyohema, mashavu yamepata rangi.

"Mama, kifua changu kimenyamaza."

Nilimkumbatia nikacheka naye, huku jicho langu moja liko kwenye nguzo. Mama gani huyo, nilijiuliza, anayeona mwanawe anapumua na moyo unamwuma. Kila asubuhi nilikitazama kitambaa na kuomba kichafuke. Alhamisi jioni kilikuwa na kivuli tu, kama maziwa yaliyodondokewa chai. Mbili. Labda mbili na nusu, ila kadi haina nusu.

Nilikwenda darasani kwa sababu sikuweza kukaa karibu na ile nguzo. Niliporudi giza lilikuwa limeshaingia, Mama na Chiriku wamelala. Aproni yangu ya kazi, ambayo huwa naiacha kwenye msumari nyuma ya mlango, ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kiti. Nilidhani ameifua. Nikalala.

Asubuhi kitambaa kilikuwa cheusi.

Nilimtazama Mama. Alikuwa anamsuka Chiriku, hakuinua uso. Kwenye mistari ya viganja vyake kulikuwa na weusi ambao maji hayakuweza kuutoa. Alikuwa amekung'uta mifuko ya aproni yangu, na mishono yake, akalipata vumbi la Juu la miaka mitatu. Mwanamke ambaye maisha yake yote alitoa uchafu kwenye nguo alikuwa ameutia kwa mkono wake mwenyewe, gizani, taratibu, na sidhani kama aliwahi kufanya kazi iliyomwia ngumu kama ile.

Saa nne Karani alikuja. Mama alitoka safari hii, akasalimiwa shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama kando ya nguzo ameficha mikono kwapani.

Karani aliinua kadi, akaishusha. Alikishika kitambaa kwa ncha, akakigeuza upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa karibu mweupe.

"Vumbi la hewa hukaa sawasawa," alisema kwa sauti ya chini. "Hili limepakwa. Ona, vidole vinne hivi. Na gumba."

Nilimgeukia. "Miaka sita kilikuwa kinanuka sabuni. Hukuwa unanusa?"

"Nilikuwa nanusa."

"Na ulikuwa unaandika nini?"

"Kadi haina harufu, dada. Ina rangi."

"Kwa hiyo tulipokiosha hakikuchezewa. Leo ndiyo kimechezewa."

Alifungua daftari akanionyesha. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani alitaka nione kwamba sheria hakuitunga yeye. Kulikuwa na kisanduku cha kutia alama kwa kitambaa kilichopakwa uchafu. Nilitafuta kisanduku cha kitambaa kilichosafishwa. Nilisoma ukurasa wote, mbele na nyuma. Hakikuwepo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba watu wangeweza kuyaficha maumivu yao kwa sababu ya heshima.

Mama alitoa mikono kwapani akaiweka mbele yake.

"Ni mimi, baba. Andika jina langu. Usiandike mtaa."

"Hakuna mahali pa jina, mama."

"Basi andika pembeni. Hapo pana nafasi. Andika, bibi mmoja, mjinga, alidhani anasaidia."

Karani alishika kalamu muda mrefu kiasi kwamba Chiriku alimwuliza kama imeisha wino. Halafu akatia alama. Mtaa ukikutwa na kosa hilo, namba zake hazihesabiwi mwaka mzima. Alifunga kitambaa kipya, mafundo mawili kama kawaida, akamwinamia Mama kidogo, akaondoka. Kitambaa cheusi alikitia kwenye bahasha, kikaenda Juu na vidole vya mama yangu.

Jumatatu malori yalirudi, yakiwa mengi kuliko kawaida, maana mitambo mipya inavuta zaidi. Jumatano Chiriku alitimiza miaka mitano. Filimbi ilikuwa imerudi tangu usiku wa jana yake.

Bado naenda karakana. Siku ya kwanza nilijaribu kupiga vichujio polepole, nikidhani vumbi litaruka kidogo. Mama Pacha alinitazama, safari hii bila utani.

"Ukipiga polepole halipungui, mwenzangu. Linakusubiri tu." Kisha akasema, "Wanangu watatimiza mitano baada ya miaka mitatu. Huo mwaka utakwisha. Kile kitambaa kisiguswe."

Nimelishika hilo. Nimeandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa nilizojifunza jioni, nikabandika kwenye nguzo: KISIFULIWE. Nimepita nyumba kwa nyumba, na mtaa wa pili, na wa tatu, nikiuliza nani anatunza kitambaa. Kila mahali nimemkuta mwanamke nadhifu mwenye beseni. Kila mahali nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuanza upya, na nimeona mikono ikisimama ndani ya maji.

Mama hakujivua utunzaji. Kila siku hukaa mlangoni akikilinda kitambaa, hasa dhidi yake mwenyewe. Naona vidole vyake vinavyofanya kazi mapajani, vikisugua hewa.

Jana Chiriku alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejiegemeza kwenye magoti ya Mama. Maneno yake siku hizi ni machache, huyatoa moja moja na kupumzika katikati.

"Bibi. Kimechafuka. Kifue."

"Hapana, mjukuu wangu. Hiki hatufui."

"Kwa nini?"

Mama alinitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na Chiriku hakungoja. Aliteremka kwenye kigoda, akaenda mpaka kwenye nguzo akijishikilia ukuta, akainua uso, akajaza mashavu ili alipulize lile vumbi lidondoke.

Akapuliza. Akajaza tena mashavu, akapuliza. Kitambaa hakikutikisika.