Baba Mkwe Ndani ya Kromu

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Blasi, Nives Colzani alikuwa jikoni kwake Milano akikata kipande cha panettone, ule mkate mtamu wa Krismasi wenye zabibu kavu. Alikuwa ameuhifadhi juu ya kabati tangu Desemba, na sasa ulikuwa mgumu kiasi cha kugomea kisu. Ndivyo utaratibu ulivyo. Kipande kimoja huwekwa akiba, na tarehe tatu Februari watu wa Milano hukila kabla ya kutia kitu kingine kinywani, ili mtakatifu awalindie koo na pua mwaka mzima. Mtu mwenye akili zake hacheki jambo hilo. Mume wake alicheka.

Mume huyo, Folco Beltrami, alikuwa daktari wa meno, na wakati huo alikuwa amesimama karibu na sinki akinywa kahawa. Alisimama kwa sababu nyumba ile haikuwa na pa kukaa. Viti vilikuwepo tele, vya mabomba ya kromu, chuma kilichochovywa madini kikang'aa kama kioo, na ngozi nyeusi, lakini vilikuwa vya miaka ya sitini, vya wasanifu wenye majina, na Folco alikuwa amekizungushia kila kimoja kamba nyekundu. Sebuleni palikuwa na meza ya kioo isiyowekewa kitu, taa zisizowashwa, na kabati la vioo lililohifadhi vioo vingine. Wageni walivua viatu mlangoni, wakasema "aa", kisha wakaenda kula kwingine. Folco alikuwa na maneno yake kuhusu mali hiyo: uwazi, wepesi, ukweli wa malighafi. Aliyatamka akiwa amefumba macho nusu. Wagonjwa wake, vinywa vimejaa pamba, hawakuwa na namna ya kumpinga.

"Wewe na huyo mtakatifu wako," alisema. "Pua zina madaktari wake."

"Kula tu, Folco. Hakitakuua."

"Kitanivunja jino, na mimi ndiye ninayejua meno yanavyouma mfukoni."

Akaenda kuoga. Nives alikuwa amechoka kula wima kama farasi. Akabeba sahani yake hadi sebuleni, akaruka kamba, akaiweka juu ya meza ya kioo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Alipopiga magoti ili ale, akamwona baba yake kwenye mguu wa meza.

Attilio Colzani alikuwa amefariki Nives akiwa bado shule ya msingi. Sasa alikuwa ndani ya kromu, amevaa aproni ya mpira na buti, mrefu na mwembamba kwa kuwa mguu wa meza wenyewe ulikuwa mrefu na mwembamba. Alikuwa anautazama mkate. Nives aligeuka kuangalia nyuma yake, kwa adabu tu, na hapakuwa na mtu. Baba alikuwa kijana kuliko bintiye kwa miaka zaidi ya ishirini, na hakuna kati yao aliyelitaja hilo.

"Umekonda, baba," alimwambia.

Attilio akaonyesha sahani kwa kidevu. Nives akakisogeza kipande hadi kikagusa kromu, nacho kikaingia. Baba akala polepole, akizitoa zabibu mojamoja na kuziweka kwenye mfuko wa aproni, maana hakuwahi kuzipenda. Makombo yalibaki upande wa huku, juu ya kioo.

Folco akarudi na taulo kiunoni, na kitu cha kwanza alichokiona ni makombo.

"Nives! Juu ya kioo?"

"Nilikuwa na mgeni."

Folco akamwona mgeni. Akachuchumaa, akalamba kidole, akasugua. Mgeni hakutoka.

"Nani huyu?"

"Baba yangu."

"Haiwezekani. Meza hii nimeinunua Torino."

"Na kromu yake unadhani ilichovywa wapi? Mbinguni? Ilichovywa Lissone, kwenye karakana aliyofanyia kazi baba."

Hilo lilikuwa kweli. Wasanifu wa Milano walichora, maduka ya Torino yakauza, na watu wa Lissone, mji wa mafundi jirani na Milano, wakavuta moshi. Attilio aliteremsha mabomba ya chuma kwenye matangi ya dawa ya rangi ya chungwa, na mabomba yakatoka yanang'aa. Moshi wa matangi ulipanda ukaingia puani, na baada ya mwaka mmoja au miwili ukuta wa katikati ya pua ukatoboka. Wachovyaji walitambuana kwa kupitisha njiti ya kiberiti kutoka tundu moja la pua hadi la pili, na Jumamosi walifanya hivyo kilabuni kuwachekesha wenzao. Aliyefaulu alinunuliwa divai. Baada ya pua ikaja zamu ya mapafu. Daktari wa karakana alisema ugonjwa ulitokana na ugoro na ulevi, tena alisema mbele ya mjane, akaongeza kwamba watu wa aina ile hawajui hata kuacha kuchokonoa pua. Hivyo Attilio akazikwa kama mlevi, na jina hilo likamfuata mkewe sokoni na kanisani, likakaa naye hadi uzeeni.

Mjane huyo, Teodolinda, alifika kwa treni kesho yake baada ya kupigiwa simu. Alikuwa na umri wa kuweza kusema lolote. Akasukuma kamba nyekundu kwa fimbo, akavuta kiti kilichowahi kupigwa picha na magazeti ya nchi nne, akakaa. Folco akatoa mlio ambao kwa kawaida aliusikia kutoka kwa wagonjwa.

"Mama, hicho kiti—"

"Kiti ni cha makalio, mkwe wangu. Wewe ulidhani ni cha nini?" Akainama kuelekea mguu wa meza. "Tilio. Muda wote huu na bado hujanyoa."

Attilio akajipapasa kidevu, akacheka, ingawa kicheko hakikupita kwenye chuma. Kisha akachomoa njiti ya kiberiti nyuma ya sikio, akaipitisha puani kutoka upande huu hadi upande ule, akatanua mikono kama mtu anayesubiri makofi.

"Acha," alisema Teodolinda. "Hata wakati ule hukunichekesha."

Attilio akairudisha njiti sikioni. Mkewe akampa habari za mtaa, nani kafa, nani kauza kiwanja, padri mpya anavyosoma misa mbio mbio kama anafukuzwa. Halafu akamgeukia Folco.

"Nataka kitu kimoja, kisha nitakuacha na viti vyako. Walisema alikufa kwa divai. Nataka mtu mmoja mwenye elimu aseme ilikuwa kromu, na aliandike hilo na jina la mume wangu pembeni. Nikishasoma, hata nikifa kesho yake, sawa."

"Jumatano anakuja mthamini wa samani," alisema Folco. "Utamwambia yeye, mama." Alisema hivyo ili ajuza ainuke kutoka kwenye kiti.

Mthamini alikuwa Daktari Ippolita Sforni, daktari si wa magonjwa bali wa viti. Alivaa glavu nyeupe, akalala chali chini ya meza akiwa na tochi, akakaa huko muda mrefu. Teodolinda na Nives walimsubiri wamevaa nguo za kanisani.

"Kuna mtu," alisema kutoka chini.

"Tumemwona," alijibu Folco. "Anaiharibu?"

"Si lazima. Bergamo kuna taa yenye wanawake wawili. Wale wanagombana usiku kucha, wale ndio tatizo. Huyu ametulia." Akagonga kromu kwa kucha. "Bwana, inua mikono nione."

Attilio akainua mikono. Juu ya vifundo vya vidole kulikuwa na vidonda vya mviringo, vyenye kina, kama vilivyochimbwa kwa ncha ya kijiko. Daktari Sforni akatoka chini ya meza uso ukimng'aa.

"Vizuri sana! Mmeviona hivi vidonda? Hivi ni vya matangi ya zamani, huwezi kuvipata siku hizi. Na pua... geuka kidogo, bwana, asante... pua imetoboka kabisa. Safi! Hakuna ushahidi unaoshinda huu. Kromu ni ya asili, haijachovywa upya."

Folco akashusha pumzi. Teodolinda akaegemea fimbo yake mbele.

"Kwa hiyo kilichomtoboa ni kromu."

"Ndiyo, bibi. Kingekuwa nini kingine?"

"Walisema divai."

"Aa, walisema." Mthamini alikuwa ameshaanza kuandika cheti. "Kwenye fani yetu hilo linajulikana na kila mtu. Ndivyo tunavyozitambua bandia."

"Linajulikana tangu lini?"

"Tangu wakati wa matangi yenyewe, bibi."

Attilio, ambaye hakuambiwa aishushe, alikuwa bado ameinua mikono.

"Basi liandike," alisema Teodolinda. "Attilio Colzani, aliyeuawa na kromu. Ni maneno machache, hayatakumalizia wino."

"Bibi, hapa naandika habari za meza. Meza ina jina moja, la msanifu. Nikiweka la pili, wanunuzi wataniuliza la tatu ni la nani. Na habari za vifo, samahani sana, humkera mtu anayetaka kuweka glasi yake."

"Hakuna anayeweka glasi hapa," alisema Nives. Kisha akamgeukia mumewe. "Folco. Meza ni yako. Ukimwambia wewe, ataandika. Mwambie."

Folco aliitazama meza. Akamtazama mthamini, ambaye alikuwa amesimamisha kalamu kwa heshima ya mwenye mali. Lilikuwa suala la kufungua mdomo tu, na huyu ni mtu aliyekula maisha yake yote kwa kuwafungua wengine midomo.

"Nives, mpenzi," alisema, "kila jambo na mahali pake."

Hiyo ndiyo busara ya waungwana. Mwoga maskini huitwa mwoga, lakini mwoga mwenye samani huitwa mtu wa kiasi.

Mthamini akaandika kwamba meza iko katika hali nzuri sana, kromu ni ya asili, na ina alama za kibinadamu zinazolingana na kipindi chake. Folco aliuliza swali moja tu, kama mtu yule angeweza kugeukia ukutani, kwa sababu ile pua ingewatia wageni simanzi. Mthamini akashauri igeuzwe meza. Wakaigeuza.

Aprili ikafika, ile wiki ya maonyesho ya samani ambapo Milano nzima hufungua milango ili watu wahusudiane. Kwa Folco walikuja wengi. Walizunguka hadi upande wa ukutani, wakapiga magoti kwenye zulia wakiwa na soksi, wakamtazama Attilio, wakasema ana sura ya enzi zile, sura ambazo hazitengenezwi tena. Mwanamke mmoja aliuliza kama anapatikana wa shaba. Hakuna aliyeuliza jina.

Teodolinda, ambaye hakuwa amerudi kwake, alijiweka mlangoni ili mtu yeyote asimpite.

"Yule ni mume wangu," alimwambia kila aliyeingia. "Hakuwa mlevi. Ilikuwa kromu."

"Tunajua, mama," walimjibu, wakamshika mkono kwa upole wa kweli. "Inaonekana wazi kabisa." Kisha wakachukua zeituni nyingine.

Hakuna aliyembishia. Jioni akakaa kwenye kiti chake, akavua viatu, akamwambia bintiye kwamba angalau wale wa zamani waliona haya hadi wakadanganya. Nives akalia, wazi wazi, bila kujificha.

Siku chache baadaye Attilio alitoa kitambaa mfukoni mwa aproni, akaanza kuisugua kromu kutoka upande wa ndani. Madoa ya kutu ambayo Folco alihangaika nayo kwa dawa za kila aina yakatoweka moja baada ya jingine. Nives akapiga magoti.

"Baba, acha. Keti. Umeshafanya ya kutosha."

Attilio akatikisa kichwa. Akaonyesha kwa kidole gumba nyuma yake, kule ndani wasikoweza kuona, kama afanyavyo mfanyakazi ambaye msimamizi yuko karibu. Kisha akaendelea.

"Hata huko?" aliuliza Teodolinda. "Tilio, hata huko wapo?"

Folco akaingia akiwa amekumbatia taa ya sakafuni yenye kutu shingoni. Akaiegemeza kwenye meza, akachuchumaa, akakunja suruali asije akaichafua. Tangu amwoe Nives hakuwahi kumtaja mtu huyu kwa jina, wala kwa cheo chake katika ukoo.

"Shikamoo, baba," alisema kwa upole. "Ukimaliza hiyo, nimekuletea na hii. Hakuna haraka."

Attilio akakohoa kwa muda. Akakikunja kitambaa upande uliobaki safi, akahamia kwenye taa, akaanzia shingoni.