Mstari wa Watoto wa Raia

Felisa alipiga simu mchana, mama yake akiwa barazani anafunga mafungu ya vitunguu saumu.

"Mama, nimepita!" Sauti ilikuwa ikikwaruza kutoka Honolulu. "Maswali yote nimeyajibu, hata lile la mto mrefu. Mwezi ujao naapa. Nakuwa raia wa Marekani!"

Bibi Poning hakujua aulize nini kwanza, kwa hiyo akauliza lile analouliza kila mara. "Umekula?"

"Nimekula, Mama. Huku ni usiku wa jana."

Tangu Felisa aende Hawaii, Bibi Poning hakuacha kulistaajabia jambo hilo. Binti yake anaishi jana, na bado habari zake zinafika leo zikiwa za moto.

Jirani yake Sabel alikuwa ameshasikia. Sabel alisikia kila kitu. Ua la mianzi kati ya nyumba mbili lilikuwa la kuzuia kuku tu.

"Raia!" akapaza sauti. "Dada Poning, basi Liwa atapita mlango wa mbele. Mtoto wa raia huyo! Wa kwangu mimi watapita dirishani, kama hawatanasa na makalio ya baba yao."

Wakacheka mpaka Bibi Poning akadondosha fungu.

Liwliwa, ambaye wote walimwita Liwa, alikuwa binti wa pekee wa Felisa. Baba yake alifariki Liwa angali mdogo. Mjomba wake aliyetangulia Hawaii ndiye aliyemwombea Felisa, dada yake, ruhusa ya kuhamia huko, na ombi la ndugu huchukua miaka mingi kuliko mkopo wa nyumba. Zamu ya Felisa ilipofika, Liwa alikuwa amevuka miaka ishirini na moja kwa miezi michache, na aliyevuka umri huo habebwi na mama. Felisa akaenda peke yake. Alipofika tu, akapeleka ombi lake mwenyewe la kumwita binti yake, kama mkaazi, maana uraia alikuwa hana. Tangu siku hiyo Liwa yuko kwenye foleni, anafundisha shule ya msingi hapo Bacarra, Ufilipino, na hajaolewa. Foleni ya watoto wa wakaazi haimpokei aliyeolewa: ukivaa pete leo, ombi lako limekufa leo. Mchumba wake Rodante, mkulima wa vitunguu saumu, alilijua hilo na akangoja.

Liwa alipotoka shule akapewa habari, akamkumbatia bibi yake na Sabel na hata nguzo ya baraza. Jumapili wakapika tambi za pansit, majirani wakaja na bibingka, keki ya mchele, iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Kila aliyeingia alisema neno lilelile: sasa mambo yataharakishwa.

"Yataharakishwaje?" Bibi Poning aliuliza.

"Raia ni raia, Bibi," wakamjibu, wakaendelea kula.

Jibu hilo halikumtosha. Alikuwa mtu wa kupenda kujua kitu kinavyokwenda. Hata saa ya ukutani aliwahi kuifungua ili aone inakopata haraka yake. Miaka yote Liwa alikuwa akimsomea tangazo la viza la kila mwezi, lakini alimsomea tarehe moja tu, ile ya mstari wao. Karatasi nzima Bibi Poning hakuwahi kuishika. Siku moja, Liwa akiwa darasani, akajitanda kanga ya kichwani, akaenda mjini kwenye duka la intaneti la Nenita.

Nenita alikuwa akiwachapia tangazo hilo watu wa nusu ya mji. Alipomwona mgeni wake, alimsogezea kiti, akageuza feni upande mwingine, kwa kuwa alikumbuka kwamba upepo wa feni humkohoza. Bibi Poning aliliona hilo akaliweka moyoni.

"Nataka yote," alisema. "Si tarehe yetu tu."

Karatasi ikatoka ikiwa na joto. Ilikuwa na safu na mistari kama shamba la mpunga.

"Mbona Ufilipino imetengewa safu yake?"

"Kwa sababu ya wingi wetu, Bibi. Kila mwaka kuna mgawo wa viza za familia kwa dunia nzima. Tena hakuna nchi inayoruhusiwa kuzidi sehemu yake. Nchi kubwa, nchi ndogo, mdomo ni uleule."

"Mdomo wa mfereji."

"Enhe! Sisi ni mashamba elfu kwenye mdomo mmoja. Kuna nchi ina mashamba matatu na mbuzi, nayo ina mdomo sawa na wetu."

Bibi Poning akacheka. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa mwanachama wa zanjera, ushirika wa wakulima wanaogawana maji ya mto kwa zamu, na yeye mwenyewe aliwapikia wachimba mfereji tangu usichana wake. Mambo ya kugawana kidogo kwa wengi hayakumtisha.

"Na tarehe hii?"

"Ya mtu wa mwisho anayeitwa mwezi huu. Ombi lako lilipokewa kabla yake, njoo. Baada yake, kaa kitako."

"Mbona mwaka jana ilirudi nyuma? Liwa alilia wee."

"Walifungua lango mno. Watu wakaitika wengi kuliko viza zilizobaki, ikabidi walishushe mpaka mwaka mpya wa mgawo."

Maskini, alifikiri Bibi Poning. Kumbe hata wakubwa wa huko hukosea kukadiria maji. Akapitisha kidole kwenye mstari wao. Ilibaki kama mwaka mmoja kuifikia tarehe ya Liwa, labda pungufu. Kisha kidole kikapanda juu.

"Hawa nao ni nani?"

"Watoto wa raia. Watu wazima ambao hawajaoa wala kuolewa."

"Ndiko anakokwenda Liwa, Felisa akiapa?"

"Ndiko. Jina linahamishwa lenyewe."

"Sasa mbona tarehe yao iko nyuma ya yetu?"

Nenita akasogeza kiti chake karibu. Akaichukua karatasi, akaiangalia kana kwamba si yeye aliyeichapa.

"Bibi, Felisa ameshaapa?"

"Mwezi ujao."

"Kwa nchi nyingi kuhamia kwa raia ni heri," Nenita alisema taratibu. "Kwetu sisi mstari huo umesongwa. Upo nyuma miaka minne, au mitano. Binamu yangu alihamishwa hivyo, akafanya sherehe, baadaye akafanya kilio. Lakini Bibi, ipo njia. Sheria inamruhusu Liwa kuandika kwamba anaomba abaki mstari wa zamani, hata kama mama yake ni raia. Watu wengi hawaambiwi tu."

"Akiandika, basi?"

"Basi. Ila sharti la huko halimwachi: akiolewa kabla ya kusafiri, anautoka mstari."

"Na akihamia kwa raia?"

"Huko akiolewa ombi halifi. Anashushwa tu hapa." Kidole cha Nenita kikashuka kwenye mstari wa tatu. "Watoto wa raia walioolewa. Huu watu wanauingia na nywele nyeusi, Bibi, wanatoka wakipaka rangi."

Bibi Poning aliikunja karatasi, akaaga, akashika njia ya mferejini. Alitembea polepole. Sasa alijua jambo ambalo Liwa halijui, na Felisa halijui. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angemlaumu bibi kizee kwa kutosema habari za Marekani. Felisa angeapa, Liwa angehamishwa, na nyumba ile ingeendelea kuwa na watu wawili. Pengine na vitukuu. Alijishangaa jinsi picha hiyo ilivyokuja upesi, ikiwa imekamilika, mpaka na kamba ya kuanikia nguo ndogo.

Rodante alikuwa kwenye lango la mfereji, amekunja suruali, anatoa magugu. Alipomwona akaruka juu ya tuta, akamshika mkono ili asiteleze.

"Bibi, unakwenda wapi na jua hili? Mimi nilikuwa nakuja kwako jioni. Nimezungumza na padri."

"Kuhusu nini?"

"Wewe naye! Kuhusu mimi kuzikwa?" Alicheka. "Harusi, Bibi. Mtoto wa raia akiolewa ombi halifi. Nimeulizia kwa watu watatu. Felisa akishaapa tu, tunafunga ndoa. Liwa anataka iwe kabla ya kuvuna vitunguu, nisije nikanukia kanisani."

Uso wake ulikuwa umefunguka wote. Bibi Poning akaketi juu ya tuta. Rodante alikuwa amejua nusu ya habari, ile nusu tamu, na nusu nyingine ilikuwa imekunjwa kiganjani mwa bibi.

"Rodante, nikuulize mambo ya maji."

"Uliza."

"Zamu yako ikiisha, na anayefuata amelala, unafanyaje?"

"Namwamsha." Alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake. Hiyo ndiyo desturi ya zanjera. Anayemaliza humwamsha anayefuata, kisha ndipo huenda zake.

"Na kama ukimwacha alale, maji yataendelea kuingia kwako?"

"Yataingia. Lakini unamwamsha, Bibi. Hata kama mmegombana. Hata kama shamba lako halijashiba. Kwani nani hamwamshi mwenzake? Nitajie huyo, tumtoze faini ya mbuzi."

Bibi Poning akamnyooshea karatasi. Akamweleza yote kama Nenita alivyomweleza, mstari kwa mstari, bila kuruka ule wa kungoja muda mfupi. Rodante alisikiliza akiwa amesimama, halafu amechuchumaa. Bibi alipomaliza, kijana yule alinawa mikono mferejini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa hiyo akibaki mstari wa zamani, ni kama mwaka."

"Kama mwaka. Bila wewe."

"Na akiolewa na mimi?"

"Nenita anasema watu wanatoka huko wakipaka rangi nywele."

Alicheka kicheko kimoja tu, kikavu. Kisha akachukua jembe lake, akamsaidia bibi kusimama. "Twende tukamwamshe," alisema.

Liwa walimkuta barazani anasahihisha madaftari. Alisikiliza, akasoma karatasi mwenyewe, akaisoma tena. Halafu akakasirika.

"Mmeniambia kwa nini? Wiki hii nzima nilikuwa na furaha!"

"Ungekasirika zaidi baadaye," Rodante alisema.

"Nyamaza wewe! Wewe ndiye ulikuwa umeshakwenda kwa padri."

"Nilikwenda na viatu vipya, tena vinabana."

Liwa alitaka kuendelea kukasirika ila kicheko kikamponyoka, na nyuma yake machozi. Sabel alichungulia juu ya ua, akaona, na kwa mara moja maishani mwake hakusema neno. Baada ya dakika kidogo alipitisha sahani ya maembe yaliyomenywa, akaondoka. Bibi Poning hakulisahau hilo pia.

Wakampigia Felisa. Wakamweleza yote.

"Nimesoma maswali yale miezi mingi," Felisa alisema. "Kwenye basi, jikoni, hata chooni. Kumbe nilikuwa namrudisha nyuma mwanangu?"

"Hujamrudisha, binti yangu," Bibi Poning alimwambia. "Kaape kwa amani. Umeupata kwa jasho lako. Huku barua itaandikwa ikitakiwa kuandikwa. Neno ni la Liwa."

Walipokata simu, Liwa alimgeukia. "Bibi, wewe unataka nini? Niambie kweli."

"Nataka ukae," alisema Bibi Poning. "Ndiyo maana usiniulize."

Liwa akapitisha kidole kwenye karatasi, kikipanda na kushuka. Kuku wakaingia barazani, wakatoka. Rodante hakumhimiza. Alikuwa ameanza kufunga mafungu ya vitunguu saumu yaliyokuwa pale, akiyapanga kwa ukubwa kama Bibi Poning anavyopenda.

"Mama amekula peke yake miaka kumi," Liwa alisema baadaye. "Kila akipiga simu tunamuuliza kama amekula, hatumuulizi na nani. Nitaandika nibaki mstari wa zamani. Nitakwenda." Akamtazama Rodante. "Nitakwenda sijaolewa, halafu nitarudi nije kufunga ndoa. Huko nikiwa mkaazi, nitakuombea wewe. Utanikubali?"

"Miaka hii yote nimesimama foleni ambayo si yangu," Rodante alisema. Mikono yake haikuacha kufunga vitunguu, lakini fungu lile alilifunga mara mbili. "Sasa napata ya kwangu mwenyewe. Nikatae?"

"Viatu je?"

"Vitapanuka."

Bibi Poning alimtazama kijana yule, akatamani mume wake angekuwa hai amwone. Kisha udadisi wake ukamzidi nguvu. Akaivuta karatasi kutoka mikononi mwa Liwa, akaiweka mapajani.

"Wake na waume wa wakaazi," alisema. "Mstari wao ni upi? Huu? Mbona uko mbele ya yote? Nao una mgawo wa nchi, au wanachota pamoja na wengine?"

Liwa hakujua. Rodante hakujua. Sabel, aliyekuwa bado nyuma ya ua, alisema hajui lakini yuko tayari kubahatisha. Bibi Poning akamkatalia, akajitanda tena kanga yake, na wote wanne wakashuka barabarani kabla Nenita hajafunga duka.