Kidole cha Kushikia Uzi

Wanaosema kufuma kunatuliza roho hawajawahi kufuma. Mimi nafuma tangu usichana wangu, na sijaona burudani nyingine inayopandisha hasira kama hii. Unafuma mgongo wa sweta mpaka kwapani, shingo imekukakamaa, ndipo unagundua kitanzi kimoja kilidondoka huko chini karibu na pindo, na ufa unapanda kama ngazi. Huna la kufanya ila kufumua kila kitu. Mara mkono wa kulia unatoka mrefu kuliko wa kushoto, mara shingo inakataa kichwa. Marehemu mjomba wetu alikwama ndani ya sweta nililomfumia, mbele ya wageni, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, akawa anatukana humo humo ndani mpaka tukaleta mkasi. Nililikatakata lile sweta huku na mimi nikitukana.

Lakini siku nguo inapotoka kwenye sindano imenyooka, mtu akaivaa ikamkaa, hakuna raha inayoishinda. Ndiyo maana siachi.

Kazi yangu ni kuziba pancha. Nina kibanda mkabala na kituo cha mafuta, mashine ya upepo, rundo la matairi makuukuu, na kiti ambacho chini yake hukaa mfuko wa nyuzi. Madereva wananiita Bibi Sindano. Mwanzoni walinicheka, aliyecheka kuliko wote nilimrudishia tairi lisilo na upepo wa kutosha, akaenda kumalizia kicheko chake barabarani. Nina mikono ya kubandua tairi la lori, na mdomo wangu unajulikana mtaa wa pili.

Mwenzangu wa kufuma ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Sweta letu huwa halifumwi na mtu mmoja. Mmoja hufuma mgongo, mwingine kifua, kisha tunaunganisha. Ili vipande viingiane lazima wote wawili tuvute uzi kwa nguvu moja, na nguvu hiyo iko kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, maana ndicho kinachoushika uzi. Mama ndiye aliyetufundisha, na alikuwa na sheria yake: aliyelegeza anatoa kidole, kinachapwa kwa sindano ya chuma. Mama akafariki, sheria tukabaki nayo, ikawa utani wetu. Safari iliyopita nilichapwa mimi, na mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa alikuwa mjamzito, tumbo limeshachomoza. Mimi sikujaliwa mtoto, na kwetu tumebaki wawili tu, kwa hiyo huyo aliyekuwa njiani alikuwa wetu sote. Tulikubaliana tumfumie sweta la manjano. Mimi mgongo, yeye kifua.

Alikuja kibandani mchana wa jua kali, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya mtandio. Akanipa kifua. Nikakilaza juu ya mgongo wangu, kikazidi kila upande kwa upana wa vidole. Vitanzi vimelegea, vingine vinapitisha jicho.

"Hili ni sweta au wavu wa samaki?" nikamuuliza.

"Uzi ulinisumbua, dada."

"Uzi tumegawana bonge moja, mimi mbona haukunisumbua? Mtoto hajazaliwa umeshamchoka. Haya, lete kidole."

"Leo niache, dada."

"Lete kidole bwana! Sheria ni sheria."

Nilikuwa nacheka, ila nusu ilikuwa hasira ya kweli, kwa sababu kifua chote kile kilikuwa cha kufumuliwa. Nikauvuta mkono wake kutoka kwenye mtandio bila hata kuutazama, nikauchapa kwa sindano.

Alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwa binadamu. Akaangukia matairi, akatapika. Ndipo nikakiona kidole. Kilikuwa cheusi, kimevimba, kimepinda upande, na kile cha kati kando yake vivyo hivyo. Nilikuwa nimechapa palepale penye mfupa uliovunjika.

"Kimefanya nini hiki kidole?" nikamuuliza.

"Mlango ulinibana."

"Mlango upi? Huo unaoendesha lori?"

Akalia, kisha akasema. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa amerudi safari, amelala mchana, akaamka na kusema mlio wa sindano unamkera. Yeye akaomba amalizie mstari. Kila mfumaji huomba hivyo, hakuna anayeacha mstari katikati. Basi bwana yule akamshika mkono, akaulaza sakafuni, akaukanyaga kwa buti lake la kazi, akamwambia, haya sasa malizia. Na mdogo wangu akaendelea kukifuma kile kifua siku zilizofuata, kwa vidole hivyo hivyo, ili nisijue.

"Na tumbo?" nikauliza.

"Tumbo bado hajaligusa."

Hiyo "bado" yake ndiyo iliyonitoa akili. Nikakiokota chuma cha kubandulia matairi.

"Twende tukachukue nguo zako."

"Dada, yupo nyumbani."

"Vizuri sana."

Tulimkuta sebuleni, kifua wazi, miguu juu ya meza, feni ya darini inampepea. Ni mwanamume mwenye sura ya kupendeza, anayesalimia majirani wote kwa adabu, na hilo ndilo lililokuwa likinikera zaidi.

"Aa, shemeji! Karibu," akasema, akacheka na meno yote. Halafu akaona chuma. "Umekuja kuziba pancha?"

"Ingia chumbani, chukua nguo," nikamwambia mdogo wangu.

Alipopita mbele yake, yule bwana alinyoosha mkono, akamdaka nywele, akambamiza ukutani kama mtu anayefunga mlango. Mdogo wangu aliteleza mpaka chini, mikono yote miwili tumboni.

Nikampiga chuma cha bega. Akageuka akanichapa ngumi ya mdomo, nikasikia jino likihama na damu ikanijaa kooni. Nikaangukia meza, meza ikavunjika, akanikalia juu na kunikaba. Mikono yake ilinuka dizeli. Nakumbuka nilikuwa natazama feni ikizunguka juu ya kichwa chake na kuwaza kwamba nitakufa nikitazama kitu cha kijinga hivi. Nikamuuma mkono mpaka meno yalipokutana na mfupa. Akalegeza. Nikapapasa chuma, nikakipata, nikampiga goti.

Goti lilitoa mlio wa ubao mkavu. Alianguka akilia kwa sauti nyembamba ya kitoto. Mtu mwenye akili angeishia hapo, na mimi sikuishia hapo. Nikampiga mbavu. Nikampiga ule mkono aliomshikia mdogo wangu nywele, nikaupiga tena, nikimwambia, malizia sasa, malizia mstari! Siwezi kudanganya, nilifurahi. Nilijisikia mwepesi, kama niliyepewa ruhusa ya kitu nilichokitaka miaka yote. Mdogo wangu alikuwa anapiga kelele, "Dada basi! Dada, utamuua!" Nilimsikia vizuri kabisa, nikapiga tena.

Majirani ndio walioniondoa, wanaume kwa wanawake, mmoja amenishika kiuno na mwingine amening'inia mkononi. Yule bwana akabebwa kwenye shuka kupelekwa hospitali. Polisi walipokuja niliwapa kile chuma na maelezo yote, wakasema nisiende mbali. Niende wapi na mashine ya upepo?

Mdogo wangu nikamleta kwangu. Zahanati walivifunga vidole vyake kwenye kibao, na muuguzi akasema mtoto yuko salama, ila kidole cha shahada hakitakunjika tena. Nilimpa kitanda changu, mimi nikatandika chini. Nilimlisha, nikamwogesha, nikamchana nywele taratibu pale ziliponyofoka. Nilijiona nimeshinda. Nilikuwa nimemtoa motoni, basi kilichobaki ni kulea tumbo.

Asubuhi moja nilikuwa nafunga mfuko wangu wa kazi, yeye amekaa ukingoni mwa kitanda. Akasema bila kunitazama:

"Dada, nasikia pale hospitali hana mtu wa kumpelekea chakula."

"Nani?"

"Unamjua nani."

"Na wewe unataka kumpelekea?"

"Mara moja tu. Nimwone. Amevunjika kila mahali, dada. Na ni baba wa mtoto."

Damu ikanipanda kichwani kwa mara ya pili. Nikamwambia hana akili. Nikamwambia kwamba nimepoteza jino kwa ajili yake, huenda nikafungwa kwa ajili yake, na yeye anawaza sahani ya chakula ya yule mnyama. Nilipaza sauti mpaka mwenye nyumba akafungua dirisha. Yeye akawa anatazama sakafu tu, na hilo likanizidishia hasira. Nikamsogelea.

"Nitazame ninapozungumza na wewe!"

Nikainua mkono. Mpaka leo sijui nilitaka kuufanyia nini, kusisitiza jambo au kumzaba kofi. Najiuliza na sipati jibu.

Hakupiga kelele, wala hakuruka. Aligeuka tu polepole, kwa mazoea, akaliegemeza tumbo lake ukutani, akalikumbatia kwa mikono yote miwili pamoja na kile kibao cha vidole, akainamisha kichwa, akaniachia mgongo. Akawa anangoja.

Nikaushusha mkono. Nilitaka kumshika bega nikaogopa kumgusa.

"Mdogo wangu," nikamwambia. "Mbona hivyo? Ni mimi."

"Najua ni wewe, dada," akasema, na hakugeuka.