Tafadhali ya Jirani

Kwenye saluni ya Mama Chanuo hukalii kiti kabla hujaandika jina lako ubaoni. Ubao wenyewe mdogo, umetundikwa kando ya mlango, chaki inaning'inia kwa uzi, na eti kazi yake ni kulinda foleni, maana wanawake wakigombea zamu hata vitana hugeuka silaha. Lakini foleni ilikuwa kisingizio tu. Mama Chanuo alitaka kuona mwandiko.

"Huyu herufi zake zimelala kama zimelewa," husema, vidole kichwani mwa mteja, macho ubaoni. "Ana huruma, ila hasira ziko karibu. Na wewe mwenzangu, mbona jina lako limenyooka hivyo kama limepigwa pasi? Unatuficha nini?"

Hapo saluni nzima huangua kicheko, na aliyeandika vizuri hujitetea kama aliyeshikwa na mali ya wizi. Elimu ya Mama Chanuo ilikuwa fupi na haikuwa na mtihani: mwandiko mbovu, moyo mweupe. Anayeparuza herufi hana nafasi ya kupanga uongo; mawazo yanakimbia, mkono unafuata nyuma ukihema. Anayezipamba, huyo ameketi kwanza akafikiria utamwonaje. Mtu wa hivyo mpe kiti, lakini pochi yako ishike.

Kila mtu alijua elimu hiyo imetoka wapi. Mumewe, Fundi Waya, mtengenezaji wa feni, pasi na mota nyuma ya soko, aliandika kama kuku aliyekatiza kwenye saruji mbichi. Alikuwa akitoka alfajiri mkewe bado amelala, na kila siku alimwachia kijikaratasi kwenye fremu ya kioo. Mama mkwe aliwahi kukikuta kimoja, akakigeuza juu chini, akasema, "Mwanangu siku hizi anachora ramani?" Mama Chanuo akakipokea, akasoma bila kukwama hata mara moja: maji yamekatika, ndoo nimejaza, mlango wa nyuma nimefunga, usisahau dawa yako ya kifua. Mama mkwe akabaki mdomo wazi. Siku ile Mama Chanuo alijisikia kama wanavyojisikia wengine wakivaa dhahabu.

Sasa, uani kwao alihamia jirani, mshonaji, wakamwita Mama Pindo. Mume hakuwa naye, ila kicheko alikuwa nacho, na kiuno pia Mungu hakumnyima. Mota ya cherehani yake iliungua, Fundi Waya akaichukua aisuke upya waya za ndani na kuzipaka vanishi. Asubuhi moja akachelewa kutoka, akaiweka juu ya meza, akaharakisha kuelekea mlangoni na kipande cha mkate mdomoni.

"Mama, mpe jirani mota yake. Maelezo nimeyafunga hapo hapo."

Mama Chanuo akasogea kutazama. Kipande cha boksi kilifungwa kwa waya mwembamba wa shaba, na juu yake herufi zilisimama wima, zimepangana kama wanafunzi mstarini:

*Ndugu jirani, tafadhali usiwashe mota hii leo. Vanishi ya ndani bado mbichi. Iache ikauke mpaka kesho jioni. Asante kwa uvumilivu wako.*

Akakaa kitako. Aligusa maandishi kwa kidole, akaona chini yake alama za penseli zilizopigwa kwa rula kisha zikafutwa. Rula! Mwanamume anayesema hana muda wa kufunga vifungo vya shati. Na ile *tafadhali*, jamani, ilikuwa na mkia uliopinda vizuri mwishoni kama hereni. Miaka yote ya ndoa, yeye alikuwa ameandikiwa ndoo, mlango na dawa ya kifua. Hajawahi kuandikiwa tafadhali. Uvumilivu wake hakuna aliyewahi kuushukuru, na Mungu anajua alikuwa nao.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Alipofungua, wa kwanza kuingia alikuwa Redio, mteja wake wa siku zote, ambaye jina hilo hakupewa kwa sababu ya kuimba. Wakaingia wengine, viti vikajaa. Mama Chanuo akaanza kusuka, akavuta nywele za mtu mpaka mtu akasema "Polepole, bado nakihitaji hicho kichwa."

"Hebu niambieni," akasema mwishowe, sauti ameilegeza kama anayeuliza hali ya hewa. "Kuna mwanamke mmoja namjua, wala si wa hapa. Mumewe kwake anaandika ovyo. Kwa mwanamke mwingine anaandika kwa kupamba, mpaka na rula. Maana yake nini?"

"Wewe tena unatuuliza sisi?" Redio akajigeuza kitini. "Si wewe mwalimu? Anayepamba herufi anataka kitu!"

"Labda kazi tu," akasema mmoja kwa upole.

"Kazi ya rula?" Redio akapiga paja. "Mwambie huyo mwenzetu anaibiwa mchana kweupe, na mwizi kaacha risiti."

Wakacheka. Mama Chanuo naye akacheka. Mtego alioutega kwa ajili ya wengine ulikuwa umemnasa mguu wake mwenyewe.

"Naleta maji ya moto," akasema, akaingia ndani.

Hakuleta maji. Alitafuta boksi la aina ile ile, akakata kipande kinacholingana, akachukua kalamu ya mumewe. Mwandiko wa Fundi Waya aliujua kuliko viganja vyake: pale mkono unapoteleza, pale herufi mbili zinapopanda moja juu ya nyingine, pale neno linapochoka likaanguka chini ya mstari. Akanakili maelezo yote. Hakuongeza neno, hakupunguza neno. Hata tafadhali aliiacha, ila aliikunjakunja mpaka ikafanana na mende aliyekanyagwa. Kile kipande kizuri akakitia mfuko wa aproni, kibaya akakifunga kwenye mota kwa waya ule ule wa shaba. Mimi sijamdhulumu mtu, akajiambia. Nimemgawia tu chakula ninachokula mimi.

Mama Pindo alikuwa kizingitini kwake, futi ya kupimia shingoni, nyuma yake sare za shule zimerundikana mpaka dirishani.

"Imepona? Wee! Shemeji ni mtu wa watu!"

Hilo neno *shemeji* lilimpita Mama Chanuo masikioni kama inzi.

"Na hiki?" Mama Pindo akakigeuza kipande cha boksi huku na huku. "Nani alikuwa anajaribu kalamu?"

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa, ulimi ukasogea mbele. Kisha akaona hereni za jirani zikicheza, zimepinda kama ule mkia wa tafadhali.

"Ameandika fundi wako," akasema. "Msome mwenyewe."

Mama Pindo akacheka, akakitupa juu ya vitambaa, akaingia na mota yake. Mama Chanuo alirudi saluni mwepesi kama aliyetua mzigo. Wepesi ule haukudumu hata kichwa kimoja kwisha. Harufu ilikuja kwanza, ya plastiki na nywele zilizoungua, kila mtu akamtazama mwenzake kujua nani kaachwa kwenye draya. Kisha kelele uani. Mama Pindo alitoka mbio, wingu la moshi mweusi likimfuata mlangoni.

Hakuna aliyeumia. Lakini mota ilikuwa imeiva kama kaa la moto, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Jioni Fundi Waya aliporudi, alimkuta jirani ameketi saluni na mota yake iliyoungua, saluni imejaa hata wasio na miadi. Redio alikuwa amekwisha kusukwa tangu mchana, na bado yumo.

"Fundi, hii ni lugha gani?" Mama Pindo akamtupia kipande cha boksi kifuani. "Nimechukua kazi ya watu, watoto watakwenda shule uchi, kwa sababu wewe umeshindwa kuandika usiwashe?"

Fundi Waya akakitazama. Akakisogeza kwenye mwanga. Mama Chanuo alisimama na kitana hewani. Sasa atasema si wangu, akawaza. Sasa nimekwisha.

"Ni mwandiko wangu," Fundi Waya akasema.

Redio akainua shingo.

"Sikumbuki kuandika hivi. Ningeapa niliandika vizuri." Akajisugua paji la uso. "Lakini ni wangu. Huu hauigiki. Nisamehe, jirani. Kosa langu."

"Kumbe ndiyo kazi zako!" Redio akadakia. "Na mimi pasi yangu iko kwako!"

Mwingine akakumbuka feni yake, mwingine blenda ya dada yake. Mama Chanuo aliona mbele ya macho yake habari ikitoka mlangoni, inavuka barabara, inafika sokoni kabla ya jua kuzama. Lakini kilichomkata maini ni mumewe, jinsi alivyokuwa akikigeuzageuza kile kipande, bila hasira yoyote, kama mzee anayetafuta miwani iliyo usoni mwake.

"Labda kichwa kimeanza kuchoka," akasema taratibu. "Kama nasahau mpaka hivi, bora nifunge karakana kabla sijaua mtu."

Mama Chanuo akaingiza mkono mfukoni mwa aproni.

"Cha kwako ni hiki," akasema. "Hicho nimeandika mimi."

Vipande viwili vikalala ubavu kwa ubavu juu ya meza ya vitana. Hata Redio alizima.

"Kwa nini?" Mama Pindo akauliza, kwa mshangao zaidi kuliko ukali.

"Kwa sababu…" Sauti ilimtoka ndogo, ya mtoto. "Mimi hajawahi kuniandikia tafadhali."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akageuza kicheko kikohozi.

"Wivu wa kipande cha boksi!" Mama Pindo akasimama, mikono kiunoni. "Mama, huyu mumeo anapita hapo uani na bisibisi mdomoni, salamu yenyewe anaijibu kwa pua! Ungeniuliza, ningekurudishia hiyo tafadhali yako na chenji juu!"

Fundi Waya akaviacha vipande mezani. Alichukua mota, akatoka.

Sare zilishonwa. Mama Chanuo alifunga saluni, akahamia kwa jirani na vidole vyake vya kusuka, akapinda mapindo kwa mkono, Redio naye akiwa pembeni na sindano, kwa kuwa hakutaka kukosa neno hata moja. Mama Pindo aliwafumulia kila walipopindisha, akiwaita wanafunzi wangu wazito, na kufikia Jumapili walikuwa wanacheka pamoja.

Nyumbani ndiko kicheko kilikokosekana. Asubuhi ya kwanza baada ya yale, Mama Chanuo alikuta kwenye kioo karatasi safi, imekatwa kwa mkasi, herufi zimesimama wima mstarini: *Tafadhali, chai iko kwenye chupa. Nimekwenda kazini. Asante.*

Akaisoma mara mbili. Ilikuwa kama kubishiwa hodi na mtu anayelala chumba kimoja nawe. Kesho yake ikaja nyingine nzuri zaidi, na iliyofuata ilikuwa na mistari ya rula. Dawa ya kifua haikutajwa.

Akapakua chakula kwenye bakuli, akaenda karakana. Miaka yote alikuwa akiishia mlangoni kwa sababu ya grisi, leo akaingia. Feni, pasi, redio, birika, kila kimoja kimefungwa kipande cha boksi. Mzee wangu, tafadhali usiweke karibu na maji. Dada, tafadhali zima kwanza. Kinyozi, bwana mchinja nyama, hata mlinzi wa soko aliyewahi kumwita mumewe mwizi hadharani, wote wana tafadhali zao. Alikuwa na wivu na mwanamke mmoja. Sasa amwonee nani? Miaka yote mji mzima umeandikiwa tafadhali, isipokuwa yeye.

Katikati ya vyuma alikaa Fundi Waya, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, jasho puani, anasukuma kalamu kando ya rula kama anayevusha yai juu ya kijiko. Neno moja lilimla muda wa mtu kunywa kikombe cha chai.

"Unaumia hivyo kila siku?" Mama Chanuo akauliza.

"Wateja hawajui kusoma mkono wangu." Hakuinua macho.

"Na mimi sasa ni mteja?"

Kalamu ikasimama.

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Sikutaka. Nilidhani nataka." Akaweka bakuli juu ya mota. "Acha kunipangia mistari, baba. Naogopa kuamka."

Fundi Waya akafungua bakuli, akanusa, akala. Alipomaliza akamrudishia bakuli, akasema tu chumvi imezidi. Mama Chanuo akatoka pale akitembea kama aliyeposwa.

Asubuhi iliyofuata karatasi ilikuwa imechanwa kwenye kalenda, pembe moja ina grisi. Kuku alikuwa amekatiza tena. Ndoo, mlango, kifua. Ila neno la mwisho lilimshinda. Aliligeuza juu chini, akalisogeza dirishani, likagoma. Akacheka peke yake, akakikunja kijikaratasi, akakitia kifuani.

Saluni ikajaa. Redio akamaliza kuandika jina lake ubaoni, akarudi nyuma kulitazama.

"Haya mwalimu, mwandiko wangu leo unasemaje?"

Mama Chanuo akautazama ubao kwa muda.

"Unasema wewe ni wa tatu," akajibu. "Kaa."