Ngumi Niliyoiona

Sheria ya kupanda mawe ni moja, na mume wangu ndiye aliyenifundisha: dereva hatazami chini, anatazama mikono. Gari likishaelekeza pua juu, wewe uliye kwenye usukani huoni kitu zaidi ya boneti na mawingu. Matairi yanakanyaga nini, anajua aliyesimama mbele. Akikuvuta kwa viganja, unakuja. Akionyesha upande, unakata usukani upande huo. Akiinua ngumi unasimama, hata kama una hakika njia ni nyeupe. Ngumi haina mjadala.

Miaka kumi na tisa tumefanya kazi hiyo, mimi ndani, yeye nje. Kileleni mwa mlima kuna mnara wa simu na walinzi wawili, na kila baada ya wiki mbili tunawapandishia mapipa manne ya dizeli ya jenereta, maji na chakula. Njia ni kilomita tisa za mawe matupu. Watu wa gereji walimwita Trafiki kwa sababu ya mikono yake, na mimi wakaniita Mama Trafiki, jina nisilolipenda hata kidogo, maana mwenye leseni ni mimi. Walipouliza inakuwaje mwanamke aendeshe na mwanamume atembee, niliwajibu kwamba mume wangu akishika usukani hata kuku wanahama mtaa. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Hakuniambia. Niligundua kwa mambo madogo ya nyumbani: akimimina chai alitia kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi, na asubuhi moja alilisalimia koti langu lililotundikwa nyuma ya mlango. Koti halikujibu, naye akaondoka amenuna. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikalia hapo hapo. Nikanyamaza, naye akanyamaza, na siku zikaenda.

Mwaka jana, kwenye kona ya korongo, alinionyesha kushoto. Kwenye kioo cha pembeni niliona tairi la kushoto liko shubiri moja tu kutoka ukingoni. Nilikata kulia, kokoto zikaporomoka chini, tukapita. Akaja dirishani anatokwa jasho, uso umemsawajika, akauliza kama niko salama. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikamwambia, "Bila mikono yako leo ningekuwa chini ya korongo, baba."

Akanyooka mgongo kama mtu aliyepewa cheo. Kuanzia siku ile nikawa naendesha kwa kichwa. Mawe yote niliyajua, lipi linateleza, lipi lina ncha, na mikono yake nikaacha kuitazama, kama unavyoacha kusikia saa ya ukutani. Alipunga, nami nikafanya yangu. Kwa kuwa alikuwa haoni tena matairi yanaelekea wapi, alisikia injini ikipanda akaamini tumepanda pamoja. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, asijue. Kazi ile ndiyo iliyomfanya aamke mapema, anyoe ndevu, atafute kizibao chake cha rangi ya machungwa. Ukimnyang'anya, unabaki na mzee anayekaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza redio. Nilijiambia hayo ndiyo mapenzi.

Mwezi huu mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Ilipokatika tukasubiri siku mbili njia ikauke, kisha Alhamisi tukapanda. Pale chini nilipunguza upepo kwenye matairi mpaka yakatanuka ubavuni, nikaingiza gia ya nguvu, naye akatangulia. Korongo tulilipita vizuri. Tukafika Jino.

Jino ni ngazi ya mwamba inayofika kiunoni. Hupandi Jino hivi hivi. Chini yake, upande wa kulia, kuna jiwe bapa. Unaweka tairi juu yake kwanza, halafu ndipo gari linapata pa kuanzia. Jiwe hilo lilikuwa pale tangu siku yetu ya kwanza. Nililikaribia, pua ikainuka, ardhi ikapotea machoni, na mbele ya mawingu nikaona ngumi ya mume wangu.

Niliiona vizuri. Lakini mapipa yalikuwa mazito nyuma, na ukisimama hapo gari linaanza kurudi. Nikasema moyoni, shusha mkono mzee wangu, nakuja. Nikakanyaga mafuta.

Jiwe halikuwapo. Mvua ilikuwa imelisomba na kuacha shimo. Tairi la kulia lilitumbukia, gari zima likainamia upande huo, mkanda wa pipa moja ukakatika, na chini yangu nikasikia chuma kikikwaruza mwamba. Injini ikazima. Harufu ya mafuta ikajaa kote.

Alikuja akipapasa ubavu wa gari, kutoka bampa hadi mlangoni kwangu.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Mguu je? Kichwa?" Akanishika uso, akanipapasa paji na mashavu kama anatafuta kitu alichokiangusha. Aliporidhika ndipo akauliza, taratibu tu, "Hukuiona ngumi?"

Ningeweza kumwambia jua lilinipiga machoni. Ningeweza kusema mguu uliteleza. Mwaka mzima uongo ulikuwa unanitoka laini kama siagi. Lakini nilikuwa nimeogopa, na mimi nikiogopa nagomba. Mdomo wangu hauna breki.

"Niliiona!" nikasema. "Ningejuaje kwamba leo unaona?"

Mikono yake ilikuwa bado usoni kwangu. Akaiondoa, mmoja, halafu wa pili.

"Leo," akasema.

Nikaufungua mkanda wa kiti.

"Tangu lini hunifuati?"

"Tangu ile kona ya korongo."

"Mwaka jana?"

"Mwaka jana."

Akakaa juu ya mwamba. Nilitegemea anikaripie, na kwa kweli ningeshukuru. Ugomvi naujua, ningejua pa kuushika. Aliongea kama anayenisimulia habari za mtu mwingine.

"Siku ile nilizisikia kokoto zikianguka. Nikajua nimekosea. Nikadhani umepona kwa bahati tu. Nikajiapia sitakukosesha tena. Kila mara, siku moja kabla ya safari, nikikuambia naenda gereji, nilikuwa nakuja huku. Natembea kwa miguu, napapasa. Korongo na Jino, sehemu mbili mbaya. Jana nimekaa hapa hapa, nimetia mkono wangu kwenye hilo shimo mpaka begani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka usijue."

Nikashuka garini kwa mlango wa upande ulioinuka, nikasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mwaka mzima sijakosea," akasema. "Hata mara moja. Ungetazama tu ungeona. Kumbe mke wangu kanivika kilemba cha ukoka, na mimi natembea nacho barabarani, natamba."

"Nilikuwa nakuhurumia, baba."

"Najua. Ndiyo inayouma."

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu ilikuwa imefika mwisho, na mafuta yalikuwa yanamwagika. Akaingia chini ya gari bila kuambiwa, akalifuata tangi kwa vidole mpaka akapata ufa, akanyoosha mkono nje. Nikampa kipande cha sabuni ya mche. Akaukandika ufa, mafuta yakaacha kuchuruzika. Tukapiga jeki, tukajaza shimo kwa mawe, tukafunga pipa upya. Saa mbili nzima tuliambiana "lete" na "shika" tu. Nilipompa jiwe la mwisho nikaona kucha zake, mbili zimepasuka hadi kwenye nyama, na vifundo vya vidole vimejaa makovu, mapya juu ya yale ya zamani. Mikono hiyo nalala nayo kitanda kimoja. Nilikuwa nimeacha kuitazama hata nyumbani.

"Nenda mbele," nikamwambia. "Nitakufuata. Haki ya Mungu, nitakufuata."

Akaenda, akasimama mahali pake juu ya Jino, akafunga vifungo vya kizibao. Nikawasha gari. Akanivuta, nikaja. Akaonyesha kulia kidogo, nikakata kulia kidogo. Akainua ngumi, nikakanyaga breki mpaka goti likauma, na nikakaa hapo, gari likilia, bila kuuliza neno, mpaka kiganja kilipofunguka. Kila nilichokijua kuhusu njia ile nilikitupa. Tulipanda Jino kwa namna ambayo hatujawahi kulipanda, bila mwamba kugusa chuma hata mahali pamoja. Machozi yalinishuka na sikuyafuta, kwa sababu kuyafuta kungenifanya niache kumtazama.

Juu palikuwa tambarare kidogo. Nikasimamisha gari. Akaja dirishani akaegemea mlango, akihema, macho yake yakielekea karibu na uso wangu, si usoni penyewe.

"Hapo ulinifuata," akauliza, "au ulinihurumia?"

"Nilikufuata. Wallahi, kila kidole."

Ilikuwa kweli, na nadhani sijawahi kusema kweli kwa moyo mzima namna ile. Aliitikia kwa kichwa, kwa upole, kama anavyowaitikia watu wa gereji wakimwambia bado ni kijana. Kisha akageuka, akatangulia mbele ya gari, akiyapima mawe kwa ncha ya kiatu. Nami sikuwa na neno lingine la kumpa zaidi ya lile alilokuwa amekwisha kuacha kuliamini.