Bunduki ya Baba Haipakwi Grisi

Nia njema ni tabibu, husema watu. Basi tabibu mwenyewe apimwe kwanza, maana nia njema ya Wendell nusura iwafanye watu watatu kitoweo cha dubu.

Wendell alikuwa mtu wa kisiwa cha Newfoundland, kusini mbali, aliyekuja kutengeneza jenereta za kijiji kimoja cha nchi ya barafu, akaonana na binti, Elisapee, akamwoa, na kurudi kwao kukamshinda. Mama mkwe wake, Leetia, alimpokea bila maneno mengi: alimshonea buti za ngozi ya sili, na samaki akikatwa, kipande cha tumboni chenye mafuta kilikuwa cha mkwe. Wendell alikuwa amezitafuta njia za kusema ahsante kwa miaka. Siku moja, Elisapee akiwa kazini, macho ya Wendell yakaangukia bunduki.

Ilikuwa ya marehemu Qaumaniq, baba yake Leetia. Aina ya Lee-Enfield, ya vita vya zamani vya Waingereza. Jeshi lilipokuwa halina haja na bunduki hizo tena likawagawia wawindaji, wawe macho yake huko kaskazini. Mzee alipofariki, majira hayo hayo ya baridi Elisapee alizaliwa, akapewa pia jina lake, Qaumaniq. Na huko jina halirithiwi tupu. Anayelibeba hulibeba pamoja na mwenyewe. Kwa hiyo Leetia, tangu siku ya kumzaa, alimwita binti yake "baba", na bunduki ikawa "bunduki yako, baba".

Kwa desturi, Elisapee alipaswa kumjibu "binti yangu". Lakini kumwita binti mama aliyekunyonyesha! Ulimi ulimwia mzito. Aliitika "mama" tu, na Leetia hakuwahi kumlaumu, ingawa kila alipoitikiwa hivyo alitulia kidogo kama mtu aliyetarajia kitu kingine.

Bunduki yenyewe Elisapee aliitunza kama alivyofundishwa. Ilikaa kibarazani pasipo na moto, ndani ya mfuko wake wa turubai. Chuma kilichozoea baridi kikiingizwa ghafla penye joto hutoka jasho, na jasho hilo likirudi nje huwa barafu. Bolti, kile chuma cha kuvuta nyuma na kusukuma mbele, aliiosha kwa mafuta ya stovu, akaikausha, akairudisha kavu kabisa. Mikwaruzo ya sleji, lile gari la kuburutwa thelujini, iliyokuwa kwenye kitako hakuigusa. Ile ilikuwa safari za mzee.

Wendell hakuyajua hayo. Kwao hewa ya chumvi hula chuma, na mtu mwenye akili hupaka grisi kila kitu, hata bawaba za mlango. Akapaka mbao mafuta, akang'arisha mtutu, na bolti akaijaza grisi nzito mpaka kwenye pini ya kufyatulia. Kisha akairudisha mfukoni, akacheka peke yake, akingoja mama mkwe aione.

Jumamosi walikwenda watatu kuvua kwenye tundu la barafu ziwani, jua kali, baridi ya kupasua meno. Wendell aliiacha nyumbani bunduki yake mpya. Siku hiyo alitaka ya mzee peke yake itoke. Elisapee alipoifungua mfukoni, akakiona kitako kinameta.

"Wewe umefanya hivi?"

"Zawadi ya mama," Wendell akasema, masikio yamemwiva.

Leetia akakipapasa kitako. "Mkwe wangu! Umemwogesha baba mpaka amekuwa kijana. Sasa ataniletea mama wa kambo." Wakacheka, na kwa kicheko kile Elisapee akasahau kuitazama bolti.

Dubu mweupe alitokea nyuma ya mwamba wakinywa chai. Alikuwa mwembamba, na mwembamba ndiye wa kuogopwa. Hakukimbia. Alikuja akinusa, kichwa chini, kama mtu anayekuja kudai chake.

Elisapee akaweka risasi, akalenga barafu mbele ya miguu yake ili kumtisha, akafyatua. *Tik*. Sauti laini, ya aibu. Akavuta kichwa cha pini nyuma kwa kidole, akafyatua tena. *Tik*. Akaiona grisi, nyeupe, ngumu kama mafuta ya kondoo yaliyolala.

"Wendell! Umeweka nini humu?"

Wendell akaelewa. Alinyakua birika na upawa wa kutolea barafu tunduni, akaenda upande mbali nao, akaanza kuligonga birika na kupiga kelele za matusi ya kwao. Dubu akasimama, akamgeukia yeye.

"Baba," Leetia akasema kutoka kwenye sleji. Hakupaza sauti. "Itoe bolti. Iweke kwapani."

"Mama, hakuna wakati—"

"Kwapani, baba! Hukumbuki? Yule dubu aliyetujia hemani. Unyevu ulikuwa umeganda kwenye chuma. Ulikaa umeibana hapa, huku unaniimbia nisilie. Fanya kama ulivyofanya!"

Elisapee akaichomoa, akaipitisha ndani ya koti, akaibana. Chuma kilimng'ata kupitia fulana, machozi yakamtoka. Kule mbele birika lilikuwa limebonyea, na Wendell hakurudi nyuma hata hatua. Elisapee akampenda wakati ule kuliko siku ya harusi. Akaisikia grisi inalainika, inamtiririka ubavuni. Akaitoa, akaifuta kwa kitambaa cha kichwa cha mama yake, akairudisha, akafyatua.

Mlio ukatikisa ziwa. Vipande vya barafu vikamrukia dubu usoni. Akageuka, akaondoka mbio, matako yakiyumba.

Wendell akaketi palepale kwenye theluji. "Nisamehe, mama. Nilitaka kushukuru."

"Umeshukuru," Leetia akasema. "Grisi ilikuwa ujinga. Birika ndilo shukrani. Njoo, ujinga hunywewa chai. Kesho baba atakufundisha kuiosha."

Kisha akamgeukia Elisapee, akaushika mkono wake uliotapakaa grisi.

"Siku ile ya hemani nilikuwa mdogo. Dubu alipoondoka nililala usingizi. Asubuhi nikala, nikacheza. Sikukuambia neno. Nikakua, ukafa, nami sijakuambia. Ahsante, baba."

Elisapee alimtazama yule kikongwe aliyemzaa, akamwona mtoto aliyengoja miaka yote ile. Ulimi haukuwa mzito tena.

"Haya, binti yangu," akasema. "Nimesikia."