Tujibane Kidogo

Dobi alikuwa amemaliza kupiga pasi mashuka ya watu, anakunja la mwisho juu ya kitanda cha mama yake, alipoona kabati limeziba nusu ya mlango. Kabati halikuwa limesogea. Ukuta ndio uliokuja. Akalisukuma kabati pembeni, likagonga meza, akarudi kukunja shuka.

"Nani huyo anagonga?" mama aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni kabati."

"Karibu tu, mlango uko wazi."

Huyu bibi ndivyo alivyokuwa. Angusha kijiko, bomba likohoe ukutani, atakukaribisha. Tangu miguu imgomee hakuwa ameshuka kutoka ghorofa ya tatu, na kwa kuwa hakuweza kwenda kwa watu, aliwaita watu waje. Majirani walimtania kwamba siku mwizi akipiga hodi atapewa na chai. "Mwizi naye si mgeni?" aliwajibu.

Kwa nini ukuta umekuja, kila mtu alijua. Siku chache nyuma, mwenyekiti wa halmashauri alifika uani, akapanda juu ya kreti la soda, akatangaza mambo mawili. La kwanza, bajeti imekatwa: muuguzi aliyekuwa akipita majumbani kuona wagonjwa hatapita tena, taa za ngazi zitazimwa, na gari la taka litakuja likipata mafuta. La pili, mtaa unaboreshwa: jengo hili kuukuu litapisha nyumba mpya, wapangaji wote watapata nafasi humo, na wasiojiweza watapewa vyumba vya chini. Kisha akajifuta jasho, akasema, "Hali ni ngumu, ndugu zangu. Inabidi sote tujibane kidogo."

Watu walimsikiliza kwa sikio moja, maana wao walishajibana zamani na hapakubaki pa kubana. Lakini jengo lilikuwa mali ya halmashauri, na tangu lijengwe halijawahi kumkatalia mwenyekiti neno. Likaanza kujibana.

Lilijibana kwa adabu. Halikuvunja kioo wala kumwaga plasta. Korido ziliingia ndani, dari zikashuka, na wapangaji wakajifunza kupita upandeupande. Wawili wakikutana katikati, mmoja anarudi alikotoka. Kinyozi wa chini alisema biashara yake haijawahi kuwa nzuri hivi, kwa sababu mteja akishaingia hawezi tena kugeuka kuikimbia bei. Watu walicheka, wakabana pumzi, wakapita.

Wenye ndugu kwingine walianza kuhama. Dobi hakuhama. Tangazo lilisema wazi: atakayeondoka kabla ya kuhamishwa rasmi, amejitoa mwenyewe. Na chumba cha chini ndicho kitu pekee alichokitaka mama yake. Alitaka kukaa mlangoni, basi. Kiti, mlango, miguu yake juu ya ardhi, na watu wakipita awasalimie. Dobi alikuwa amemwahidi.

Akaenda kwa afisa nyumba, kijana mpole aliyemvutia kiti na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli linajibana," afisa alisema. "Tumelipima wenyewe. Limetuokolea gharama ya kulibomoa."

"Basi liambieni lisimame kwanza, mpaka mtuhamishe."

"Kauli ile ilipita kikaoni, mama. Kuitengua kunataka kikao kingine, na vikao navyo vimekatwa."

"Mama yangu hawezi kupita upandeupande, mwanangu. Yeye ni wa kubebwa."

"Subira yavuta heri."

"Na ngojangoja huumiza matumbo."

"Hilo nalo ni kweli," afisa alikubali, akasimama kumfungulia mlango. Ulikuwa mlango mpana, wa kupita watu wawili bila kugusana.

Dobi alisubiri. Alisubiri mpaka kitanda kikagusa kuta mbili, mpaka meza ya pasi ikabidi isimame wima. Asubuhi moja akamwambia mama yake, "Tunaondoka. Chumba chao wakae nacho."

"Na mlango wangu?"

"Tutapata mwingine, mama."

Bibi alifikiri kidogo, akaomba avalishwe gauni lililopigwa pasi, kwa sababu hakutaka mtaa umwone na mikunjo. Dobi akamvalisha, akamfunga kitambaa kichwani, akashuka kumwita kinyozi waje wambebe.

Kinyozi alikuwa anasikiliza redio. Mwenyekiti alikuwa hewani, anawashukuru wananchi kwa uvumilivu wao. "Hatujafika, lakini tunaelekea," alikuwa anasema. "Nawaomba tuzidi kujibana." Dobi na kinyozi wakatazamana. Kinyozi akachukua mtaimbo, wakapanda ngazi ubavuubavu, mbiombio.

Walipofika juu, mlango ulikuwa umebaki ufa wa kupitisha kiganja. Kinyozi akapiga ukuta kwa mtaimbo.

"Karibu," sauti ilisema kutoka ndani. "Mlango uko wazi."

Akapiga tena, na jengo, likidhani linahimizwa, likajibana zaidi. Akaacha. Dobi akaweka mdomo kwenye ufa.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia. Nimenyooka tu, kama mashuka yako." Akacheka kidogo. "Si wanasema nyumba njema si mlango?"

Methali hiyo huendelea: fungua uingie ndani. Dobi alishindwa kuimalizia. Aliegemeza paji la uso ukutani akalia kwa sauti, na kinyozi akamshikia kitambaa kilichomwanguka kichwani.

Kinyozi akamshusha mpaka uani, na jengo likaendelea. Ghorofa zilishuka moja ndani ya nyingine, vyumba vikaingiana, mpaka likabaki ukuta mmoja, mnene kiasi, ulionyooka vizuri. Mafundi wa nyumba mpya waliusifu. Hakukuwa na haja ya kujenga mwingine, wakaunganisha nyumba mpya papo hapo, na halmashauri ikapongezwa kwa kubana matumizi.

Dobi alirudi kwa afisa nyumba. Afisa alimpa pole, na alikuwa anamaanisha. Alieleza kwamba mama yake, kwa vipimo vya mafundi, sasa yuko chini kabisa, kwa hiyo ahadi imetimizwa. Dobi mwenyewe, kwa kuwa wakati wa mwisho alikutwa nje, alihesabiwa kuwa amehama kwa hiari yake.

Vyumba vilipata watu wenye kazi nzuri. Dobi alihamia chumba cha uani kwa shangazi yake, ng'ambo ya barabara kuu, akaendelea kufulia watu. Mmoja wa wateja wapya alikuwa bwana wa nyumba ya chini, upande wa ukuta wa zamani. Siku Dobi alipompelekea mashati, alimkuta juu ya kiti na nyundo mkononi, anatundika kioo.

Bwana akagonga msumari.

"Karibu," ukuta ulisema. "Mlango uko wazi."

"Usishtuke, mama," bwana alimwambia Dobi. "Ni ukuta wa zamani. Tumeshauzoea."

Dobi hakuwa ameshtuka. Aliweka kikapu chini, akaulaza mkono ukutani.

"Ni mimi, mama."

"Umekuja. Nimeshuka, unajua? Nasikia ardhi kabisa." Kisha akauliza, "Watu wanapita?"

Dobi alichungulia dirishani. Uani pote palikuwa na uzio na magari, na hapakuwa na mtu.

"Wanapita, mama. Wanakusalimia."

"Waambie karibuni."

Bwana aliyahesabu mashati yake, akaona yametimia, akamshukuru Dobi kwa kunyoosha vizuri kola. Akapanda tena juu ya kiti, kwa sababu kioo kilikuwa kizito na kilihitaji msumari wa pili.

"Karibu," ukuta ulisema.